Washa kiyoyozi bwana, betri ya haibridi nayo inahema

Kuna kitu kinaniudhi kwa madereva wenzangu wa haibridi, yaani gari zenye injini ya mafuta na mota ya umeme inayokula betri, hapa Tanga na leo nakisema hata nikiitwa mjuaji. Mtu ana Toyota Aqua, jua la Februari linachoma, vioo vyote kashusha, shati limegandana na mgongo, ukimuuliza vipi AC mbovu? anakujibu hapana kaka, nabana mafuta. Haya. Betri ikija kufa huyo huyo ndo wa kwanza kusema gari hizi sio za pwani, Mjapani katengenezea nchi za baridi.

Nchi za baridi wapi. Dubai teksi kibao ni Camry za haibridi. Phoenix kule Arizona, Marekani, mwaka 2023 jiji lilipigwa siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na kupanda, na Prius zinatembea mitaani kama kawaida. Sisi tukifika 33 tunalia mji mzima. Sisemi betri za jangwani hazifi, zinakufa, tena mapema kuliko za kwenye ubaridi, ila watu wa kule washamjua adui wao ni joto wanapambana nalo, sisi huku tunahesabu kilometa tu na mwaka wa gari.

Sasa sikiliza betri yenyewe ilivyo. Prius ya kizazi cha pili, zile za 2003 mpaka 2009, ina vipande 28 vimepangwa safu moja kama vitabu kwenye shelfu, kila kipande volti 7.2, jumla 201.6. Aqua ya kizazi cha kwanza ina vipande 20, volti 144. Vyote vimeungwa mfululizo, umeme unapita kimoja unaingia kingine, kwa hiyo kimoja kikilegea safu nzima imelegea. Na vinavyolegea mara nyingi ni vya katikati, kwa sababu vya pembeni angalau vina upande wa kupumulia, vya katikati vimebanwa na wenzao kushoto kulia. Kwahiyo ukisikia betri ya haibridi imekufa, mara nyingi sio yote, ni vipande viwili vitatu vya katikati vimeiva.

Na inapozwa na nini? Hapa ndo watu hawapajui. Kwenye hizi Aqua, Axio, Fielder na Prius hakuna maji ya kupoza betri, kuna feni ndogo inavuta hewa ya ndani ya gari, hiyo hiyo unayovuta wewe, kupitia tundu lenye wavu pale kwenye siti ya nyuma, inaipitisha kwenye betri. Hewa ya ndani ikiwa ya moto, betri inapulizwa moto. Kwahiyo unayebana mafuta kwa kuzima AC umeizimia na betri, na betri ikichemka kompyuta inaibania, haiiruhusu kutoa wala kupokea umeme kama inavyotakiwa, injini ndo inabeba mzigo. Mafuta uliyobana yanaondoka hapo hapo. Ukisikia nyuma kuna kitu kinavuma mpaka unapunguza redio, ndo feni hiyo inaomba msaada.

Najua kuna atakayesema kompresa ya AC kwenye hizi gari inatumia umeme wa betri hiyo hiyo. Ni kweli, na bado nasema washa. Ila washa kwa akili: gari ikitoka kuanikwa juani ndani kunaweza kuzidi nje kwa nyuzi 20 na ushee, fungua milango kwanza ule moto utoke, ondoka vioo vikiwa chini mitaa miwili, alafu funga uwashe. Usitegemee betri ipoe muda ule ule, ni mzigo wa kilo nyingi ule, ukishashika joto hauliachii haraka, jioni wewe unapunga upepo Raskazone yenyewe bado ina moto wa saa nane.

Kivuli nacho. Tanga Mungu katupa miarobaini na miembe mpaka basi, alafu mtu anaacha gari juani kutwa nzima mbele ya ofisi ili wapita njia waione. Jangwani mtu anaweka kile kikinga jua cha kung'aa kwenye kioo cha mbele kila anaposhuka, na hana hata mti. Wewe una mwembe unauacha, kisa ndege watachafua bodi.

Ila kuna jambo moja mtu wa jangwani hatokufundisha maana hanalo: chumvi. Vumbi wanalo kutuzidi, lakini hewa yao kavu. Yetu imelowa na ina bahari ndani yake. Zile pleti za shaba zinazounganisha kipande na kipande zinaota kutu ya kijani, muungano unakuwa na ukinzani, umeme unapita kwa shida, panapata joto pale pale, na wakati mwingine taa ya hitilafu inawaka watu wanaambiwa betri imekufa kumbe pleti zinataka kusafishwa tu. Fundi akichomeka mashine ya kupimia gari ikaonyesha namba ya hitilafu P0A80, ile ya betri ya haibridi, watu wanakimbilia kununua betri nyingine. Mwambie fundi afungue kwanza, aangalie pleti, apime kipande kimoja kimoja. Fundi nimesema, wewe usitie mkono, volti 200 hazina utani na waya za rangi ya chungwa hazikupakwa rangi ile kwa urembo.

Juzi nilikuwepo gereji moja Ngamiani, kaletwa Aqua ya mama mmoja anauza vitenge na kanga, anabeba marobota siti ya nyuma. Kijana kafungua wavu kachomoa feni, wallahi ile sio feni tena, mapanga yote yamevaa kanzu ya kijivu, nyuzi za pamba zimejisokota na vumbi na nywele mpaka nafasi kati ya panga na panga haionekani. Kapuliza na kompresa wingu likatanda mpaka kwa muuza chai, muuza chai akatoa maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama wa watu anauliza, "Mwanangu, hiyo nayo inasafishwaga?" Inasafishwa mama, na kama unabeba marobota isafishwe kila baada ya miezi michache, na lile tundu usiliegemezee mzigo. Hajaambiwa na yeyote, aliyemuuzia gari kampa funguo na kadi basi.

Wanaopanda Lushoto nao wana lao. Kushuka mpaka Mombo ni zaidi ya kilometa 30 za kona, kila ukigusa breki umeme unasukumwa kwenye betri, betri inajaa na inapata moto kwa pamoja. Weka gia kwenye B, injini isaidie kushika gari, ndo kazi yake ile herufi, sio pambo. Na usiweke N kwenye foleni ukidhani unaipumzisha, ukiwa N betri haichajiwi kabisa wakati taa, redio na AC vinaendelea kuinyonya.

Kuhusu kubadilisha kipande kimoja kibovu na kuweka kimoja cha mtumba, mi siamini sana. Umechomeka chenye nguvu katikati ya wazee 19, miezi inapita mwingine analala, unarudi gereji, unalipa tena. Labda kama vyote vimepimwa vikalinganishwa, hapo sawa.

Na kama ndo unataka kununua, nenda saa saba mchana, sio asubuhi. Iache izunguke mjini na jua lake, panda nayo mpaka Pongwe urudi, angalia vile vidude vya chaji kwenye dashibodi: vikiporomoka haraka na kujaa haraka, panda shuka panda shuka, betri imechoka hiyo. Alafu omba wavu wa nyuma ufunguliwe uione feni kwa macho yako. Muuzaji akianza kusema mambo hayo hayana haja, mwambie asante, Aqua mjini zimejaa.