Huruma ya sheria kwa mwanamke inaishia tumboni

Kila gazeti likiandika kuwa mwanamke fulani amepewa kifungo cha nje, maoni ya wasomaji huwa ni yale yale: angekuwa mwanaume angeozea ndani. Hapa Dodoma nimeyasikia maneno hayo sokoni Majengo, nimeyasikia kwa bodaboda wa Nkuhungu, na juzi nikayasikia kwa wakili mzima aliyevaa tai. Kwamba tofauti ipo, sibishi. Ninachobisha ni ile picha ya hakimu anayelegezwa na machozi.

Kwa wenzetu Marekani wamelipima jambo hili. Mwaka 2012 mtafiti wa sheria Sonja Starr alichambua kesi za mahakama za shirikisho, akakuta wanaume wanapewa vifungo virefu kuliko wanawake kwa wastani wa asilimia 63, hata baada ya kulinganisha kosa walilokamatwa nalo na rekodi zao za nyuma. Kwetu sehemu ya tofauti hiyo haihitaji mtafiti, maana imeandikwa kwenye sheria zenyewe. Mwanamke hachapwi viboko kwa amri ya mahakama. Mwanaume anaweza kuchapwa mpaka avuke miaka 45. Mwanamke akitiwa hatiani kwa kosa la kunyongwa na ikathibitika kuwa ana mimba, anahukumiwa kifungo cha maisha. Mama akimuua mtoto wake ambaye hajatimiza miezi 12, na ikaonekana akili yake ilikuwa bado imevurugwa na uzazi, anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia.

Ziangalieni vizuri hizo huruma mbili za mwisho. Zote zinalitazama tumbo: lililobeba, au lililotoka kuzaa. Mwanamke mwenyewe, na maisha aliyopitia mpaka akafika kizimbani, hayumo.

Mchukulie mama wa watoto watano aliyemuua mumewe baada ya miaka ya kipigo. Mtoto wa mwisho ana miaka minne, na mama hana mimba. Akitiwa hatiani kwa mauaji, jaji hana mlango wa pili, anasoma adhabu ya kifo. Mwenzake mwenye kosa hilo hilo na mimba ya miezi mitatu anakwepa kitanzi. Najua, Tanzania haijamnyonga mtu tangu miaka ya 1990. Lakini hukumu inasomwa, na mtu analala nayo kila usiku. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitamka kuwa adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi, kwa kuwa inamnyang'anya jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa. Kwa mama huyu mazingira ndiyo kesi yote.

Wakili wake atajaribu kusema alichokozwa. Sheria inamsikiliza aliyechokozwa, ila kwa masharti: uchokozi uwe wa ghafla, na auaye awe ameua kabla hasira haijapoa. Mwanaume aliyemfumania mkewe na kushika panga pale pale anaingia kwenye masharti hayo kama mguu kwenye kiatu ulichoshonewa. Mwanamke aliyezidiwa nguvu miaka yote hamvamii mumewe akiwa amesimama na amefura. Anasubiri alale. Yale masaa ya kusubiri ndiyo upande wa mashtaka utakayoyaonyesha kuwa alipanga. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kumchapa mwenzake, lakini aliyerudishwa nyumbani na kikao cha ukoo mara tatu, nne, haikumsaidia kitu.

Kwenye makosa madogo tofauti inaanza mapema zaidi, kwenye dhamana. Tuseme mama amekamatwa na gongo. Anatakiwa kuleta wadhamini wenye barua ya mtendaji na kitambulisho cha taifa, pengine na hati ya kiwanja. Tangu Serikali ihamie huku bei za viwanja zimepaa, na hati nyingi ninazozijua mimi zina jina la baba. Mume akiwa mahabusu, mke atahangaika kutafuta mdhamini mpaka apate. Mke akiwa mahabusu, mambo huwa mazito ghafla. Wapo wanaume wanaojitahidi, nisiwakosee, lakini tazameni foleni ya ndugu nje ya Gereza la Isanga: kanga, vitenge na vikapu. Aliyepelekwa gereza la wanawake la Kingolwira, Morogoro, yeye yuko zaidi ya kilometa 250 kutoka hapa.

Wanaume wanaolalamika wana hoja moja ambayo naikubali bila kuzungusha. Mshtakiwa wa kiume anapoomba apunguziwe adhabu kwa kuwa ana familia inayomtegemea, watu wanaguna tu, wameshayazoea maneno hayo. Lakini yupo mgane anayelea watoto peke yake kule Chamwino, na akifungwa yeye, jiko linazimika. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinataka mahakama izingatie majukumu ya ulezi inapomhukumu mwanamke. Ningependa swali hilo liulizwe kwa kila mshtakiwa, na lijibiwe na afisa ustawi wa jamii aliyefika nyumbani, si kwa maneno ya kizimbani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 tayari inaruhusu mtu wa kosa lisilozidi kifungo cha miaka mitatu afagie hospitali ya wilaya na jioni arudi kwa watoto wake, baba au mama.

Lile sharti la hasira isiyopoa, hilo linahitaji muswada. Bunge linakaa hapa hapa Dodoma, na marekebisho yenyewe hayafiki ukurasa mmoja.