Ninayeitwa jina lake hana kaburi Kibosho

Jina langu ni la mtu aliyefia Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar, ambayo wazee wetu waliiita Bama. Alikuwa mdogo wake babu, kitinda mimba wa nyumba yao kule Kibosho, askari wa miguu wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Mashariki), na alikufa kijana, hana mke wala mtoto. Nilipozaliwa babu alisema huyu ndiye, asije akapotea. Ndiyo maana bibi aliniita shemeji mpaka anafariki, hata siku za kunichapa kwa kuacha mbuzi waingie kwenye maharage.

Sasa niko Uingereza, mwaka wa 13 huu, nahudumia wazee katika kijiji kimoja cha Yorkshire. Ndugu mkiniuliza huku kukoje nawaambia habari za baridi na bili, kwa kuwa ndizo rahisi kueleza. Leo naandika linalonisumbua kila Novemba ikifika.

Mbele ya kanisa la hapa kuna nguzo ya mawe yenye majina ya vijana wa kijiji waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, na chini yao wale wa 1939 hadi 1945. Kijiji chenyewe hakifikii kitongoji chetu kwa watu, lakini majina ni mengi, na matatu ni ya ukoo mmoja. Kila Oktoba huja mzee mmoja mstaafu na ndoo ya maji na mswaki wa meno. Anapiga magoti kwenye nyasi mbichi, anasugua kuvu la kijani ndani ya herufi, moja baada ya nyingine. Nilimuuliza kama ana ndugu yake pale. Akasema hana. Kisha Jumapili ya pili ya Novemba watu wanakusanyika na maua mekundu ya karatasi kifuani, ikifika saa tano asubuhi wananyamaza dakika mbili, na majina yanasomwa yote. Hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona vijana wa ile vita ya kwanza. Wanasomwa vilevile.

Mwaka wa kwanza nilisimama kwa adabu ya mgeni. Mwaka wa pili nilitoka pale nikaenda kumtafuta wa kwetu.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka orodha yake mtandaoni, mtu yeyote anaweza kutafuta. Nilimpata usiku, nimekaa kitandani na viatu vya kazini bado miguuni: jina langu, herufi moja imekosewa, namba ya jeshi, King's African Rifles, Tanganyika, 1944. Limechongwa kwenye mnara wa Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, pamoja na majina ya askari wengine karibu 27,000 ambao makaburi yao hayajulikani. Nyumbani sisi tulichokuwa nacho ni maneno matatu ya bibi: "Alienda Bama, hakurudi."

Nikaendelea kusoma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye beji ya kichwa cha kifaru, ilipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943, na mwaka uliofuata ikaingizwa Burma katikati ya masika yao kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw. Tope, malaria, mizigo kichwani pale ambapo gari halipiti. Desemba 1944 wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo), na lugha ambayo wengi wao waliamrishwa nayo ni hii hii ninayoandika. Mtoto aliyekulia chini ya Mlima Kilimanjaro alikufa akipigania mto ambao mama yake hakuwahi kusikia ukitajwa.

Siwasifu Waingereza kwa kila kitu. Mama mmoja ninayemhudumia hajafika kwenye kaburi la mumewe miaka sita, na wanawe wanamwona Krismasi. Na tume hiyo hiyo ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati waliokufa upande wa Uingereza katika vita ya kwanza, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wamo humo. Wao wametuachia neno Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, basi.

Sisi tunajua kukumbuka. Desemba tunapanda mabasi kurudi, tunafyeka makaburi kihambani, kwenye shamba la ukoo, watoto wanakaa juu ya vigae vya babu yao wakila ndizi, na marehemu anatajwa kana kwamba ametoka kidogo tu. Lakini kumbukumbu yetu inataka mwili. Mtu akifariki huku, swali la kwanza kwenye kundi la WhatsApp ni mwili unasafirishwa lini, na tunachanga pauni kwa pauni mpaka itimie. Nimechanga mara nyingi na nitachanga tena, kwa sababu nimeona asiyerudi anavyofutika.

Kitinda mimba ndiye wa kubaki na nyumba ya wazazi. Mama yake alimwekea yule wa Bama kipande cha shamba chini ya mfereji, akakizungushia masale, mmea wetu wa mpaka, na hakuna aliyethubutu kukigawa. Tukiwa watoto tulitumwa, "Nenda kakate ndizi kwa fulani," na fulani ni yeye. Hapo ndipo alipokuwa akiishi. Mwaka jana binamu yangu aling'oa masale akachimba msingi wa nyumba ya kupangisha. Simlaumu, ana watoto wanne na kihamba hakiongezeki. Lakini watoto wake hawatasema "kwa fulani".

Nilipopendekeza tuweke jiwe, baba mdogo aliniambia, "Mwanangu, kaburi lisilo na mtu linaita mtu." Neno lake nimelipokea. Nikamjibu, shikamoo baba, sitaki kaburi. Nataka jina tu, ukutani mwa nyumba, watoto walione wakipita kuchota maji.

Vijana wetu 14 wa JWTZ waliouawa Semuliki, huko Beni, tarehe 7 Desemba 2017 wakilinda amani Kongo, walirudishwa kwenye majeneza yaliyofunikwa bendera. Mama zao wana mahali pa kuweka ua. Wa Bama hawana, na Siku ya Mashujaa, 25 Julai, mkuki na ngao vinapowekwa mnarani, wao hawamjii mtu akilini. Naomba parokia zetu na sharika zetu zisome majina yao. Kwa Wakatoliki Novemba tayari ni mwezi wa marehemu, karatasi za nia za misa zipo mlangoni. Kaeni na wazee waliobaki, waulizeni nani alienda vitani asirudi, andikeni kabla ya masika ijayo. Mimi nilichelewa kumuuliza babu mambo mengi: alikuwa mrefu? Aliimba? Nani alileta habari?

Binamu amekubali. Fundi wa Majengo, mjini Moshi, atachonga kibao cha jiwe, anatoza kwa herufi, na Desemba nikifika tutakijengea kwenye ukuta wa ile nyumba mpya, upande wa mfereji. Nimemtumia jina kama babu alivyolitamka, si kama karani wa jeshi alivyoliandika.