Anzeni na maji: namna ya kuwafundisha vijana kuitunza Roșia Montană

Mafunzo mengi ya uhifadhi kwa wasanifu majengo na wahandisi vijana huanza na kamera. Siku ya kwanza wanapiga picha kuta, ya pili wanarusha droni, ya tatu wanachora sura ya nyumba kwenye kompyuta. Wiki ikiisha wana michoro mizuri ya nyumba ambayo paa lake bado linavuja. Penginepo kosa hilo lingevumilika. Roșia Montană, kijiji cha dhahabu katika milima ya Apuseni nchini Romania, halivumiliki, kwa sababu pale maji ndiyo yaliyojenga kila kitu na maji hayohayo ndiyo yanayobomoa. Maoni yangu ni kwamba kijana asishike mwiko wala kamera kabla hajajua maji ya mahali pale yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Tuanze na mahali penyewe. Warumi waliiteka Dacia, nchi ya kale iliyokuwa mahali pa Romania ya leo, mwaka 106 chini ya kaisari Trajan, wakaleta wachimbaji wa kabila la Kiilliria kutoka Dalmatia, pwani ya bahari ya Adriatiki. Mji wao waliuita Alburnus Maior, na jina hilo linaonekana kwenye kibao cha nta cha tarehe 6 Februari 131. Vibao vya namna hiyo vilifukuliwa migodini katika karne ya 18 na ya 19, na vingi ni mikataba ya mikopo, ya mauziano na ya kuajiri vibarua. Chini ya milima kuna kilomita kadhaa za njia za Kirumi zilizochongwa kwa mkono, zenye umbo la trapeza, na juu yake tabaka za uchimbaji wa enzi za kati, wa enzi ya Habsburg, wafalme wa Austria, na wa karne ya 20.

Uchimbaji wa mtu binafsi ulikoma serikali ilipotaifisha migodi mwaka 1948. Baadaye dola ikafungua shimo la wazi mlima Cetate, likameza sehemu ya kazi za Warumi, na mgodi huo ukafungwa mwaka 2006. Wakati huo tayari kampuni ya Canada ilikuwa imepanga mashimo manne ya wazi na matumizi ya sianidi, na ilikuwa imenunua nyumba nyingi za kijiji. Maandamano ya kuupinga mpango huo mwaka 2013 yalijaza barabara za Bucharest na miji mingine. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika Roșia Montană kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, na papo hapo ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Machi 2024 kampuni ilishindwa kwenye usuluhishi wa kimataifa ilikokuwa ikiidai Romania fidia ya mabilioni ya dola.

Wengi waliposikia hukumu hiyo walidhani hatari imekwisha. Nyumba iliyonunuliwa ikaachwa tupu haijui habari za hukumu. Haina wa kuwasha moto, haina wa kusukuma theluji, haina wa kurudisha kigae kimoja kilichopeperuka.

Kwa hiyo siku tatu za kwanza za mafunzo ziwe za kutembea. Mnaanzia juu, kwenye Tăul Mare, ziwa kubwa kuliko yote yaliyotengenezwa na watu pale, mnashuka na mifereji mpaka bondeni. Maziwa hayo yalichimbwa kwa kazi moja: kukusanya maji ya mvua na theluji ili yaendeshe vinu vya kupondea mawe ya dhahabu. Mchimbaji wa Geita au Chunya angekielewa kinu hicho kwa kukitazama tu. Ni karasha ya mbao: gurudumu la maji linazungusha mhimili wenye vijino, vijino vinanyanyua nguzo nzito na kuziachia zianguke juu ya jiwe, na unga unaotoka unaoshwa ili dhahabu inaswe kwenye kitambaa. Vinu vilisimama bondeni na nyuani mwa watu. Asiyeyaelewa maziwa atauona mfereji mkavu mbele ya nyumba kuwa ni shimo la takataka, na ataufukia ili gari lipite.

Kwenye kila tuta la ziwa mwanafunzi aandike mambo manne. Je, njia ya kumwagia maji ya ziada iko wazi? Je, kuna miti iliyoota juu ya tuta? Mti ukifa, mizizi inaoza na kuacha bomba ndani ya udongo. Je, kuna mashimo ya wanyama? Je, chini ya tuta pana unyevu, na maji yake ni safi au yana tope? Maji safi yanayochuruzika yanaweza kuwa yamechuruzika hivyo miaka mingi. Maji ya tope maana yake udongo wa ndani unaondoka, na hapo anaitwa mhandisi siku hiyohiyo.

Bondeni wachukue karatasi za kupimia asidi. Kijito cha Roșia kina asidi kali na rangi ya kutu, kwa sababu mwamba na vifusi vya mgodi, yale mawe wanayoyaita magwangala kule Geita na Mara, vina pairiti, madini ya chuma na salfa. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki, na chumvi zake hupanda ukutani pamoja na unyevu. Jambo hili linaamua ni chokaa gani utumie na wapi, nalo halionekani kwenye picha ya droni.

Baada ya hapo ndipo waje kwenye nyumba, na waanze juu. Paa la dharura liwe bati juu ya papi, si turubai. Turubai hupasuka kwenye misumari upepo wa kwanza wa baridi unapovuma, na likibanwa moja kwa moja juu ya mbao linafungia jasho chini yake, kenchi zikaoza huku mwenye nyumba akidhani amezikinga. Paa la kudumu ni la vigae vya mbao, na vipasuliwe, visikatwe kwa msumeno. Kupasua hufuata nyuzi za mti, maji yakateremka juu yake. Msumeno hukata nyuzi na kuacha vinywa wazi vya kunywa maji.

Kisha washuke kwenye ardhi iliyozunguka nyumba. Hapa ndipo nyumba nyingi za milimani zinapofia, na dawa yake ni koleo. Miaka nenda rudi barabara inaongezwa kokoto, vifusi vinamwagwa, na udongo unapanda mpaka unaufunika msingi wa mawe na kuigusa boriti ya chini ya ukuta wa magogo. Mbao ikikaa muda mrefu na unyevu wa zaidi ya asilimia 20, kuvu wanaanza kula. Ushushe udongo sentimita 20 hadi 30, uupe mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita kutoka ukutani, na nusu ya tatizo imekwisha kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa kitu chochote. Kosa la wanafunzi ni haraka ya kuchimba mtaro mrefu wa kokoto ukiwa umeshikana na ukuta. Misingi hiyo ni mifupi, na mtaro ukienda chini yake ukuta unakaa juu ya hewa. Jingine ni kusahau kwamba wanachimba Alburnus Maior. Mamia ya makaburi ya enzi ya Kirumi, yenye majivu ya maiti zilizochomwa, yamepatikana katika ardhi ile, kwa hiyo mwanaakiolojia awepo kabla ya koleo la kwanza.

Boriti iliyooza isitolewe yote. Kata mpaka kwenye mbao nzima, ingiza kipande kipya cha mti uleule kwa kiungo cha mshazari ambacho urefu wake ni angalau mara tatu ya kimo cha boriti, na jeki zinyanyue ukuta milimita chache tu, polepole. Ukinyanyua mpaka pima maji ikupendeze, umepasua lipu ya chumba kizima.

Kuhusu lipu, mafundi wa Mji Mkongwe na Lamu hawahitaji kuhubiriwa. Wameona saruji inavyofungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe mpaka uso wake ukachubuka. Apuseni kuna nyongeza mbili mbaya. Maji yaliyofungiwa huganda, na barafu huchukua nafasi zaidi ya maji kwa karibu asilimia 9, hivyo hupasua jiwe. Pia zile chumvi za mgodi, yaani salfati, huungana na saruji na kuunda fuwele zinazovimba. Tumieni chokaa iliyolowekwa na kulazwa miezi 3 au zaidi, kipimo 1 kwa vipimo 3 vya mchanga mkali uliooshwa. Ukuta uloweshwe kwanza, kila tabaka lisizidi milimita 15, kisha lifunikwe kwa magunia yenye unyevu. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, na kanuni ya mafundi ni kama milimita moja kwa mwezi. Chini ya nyuzi 5 za joto kazi isimame, na lipu ya nje ikiwa bado changa baridi inapoingia itadondoka. Lakini kijana aambiwe ukweli: asidi inakula chokaa pia. Ndiyo maana koleo lilitangulia.

Njia za chini ya ardhi ziwe za mwisho, na si za kila mtu. Mbao zinazooza na pairiti hula oksijeni, kwa hiyo kipimo cha gesi kinashikwa kifuani na pia kinashushwa miguuni, kwani kaboni dioksidi hulala chini. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, mnatoka. Na huko chini kanuni ya maji inageuka. Magurudumu ya mbao ambayo Warumi waliyatumia kuinua maji, mabaki yake yaliyopatikana sehemu ya mgodi iitwayo Păru Carpeni, yamedumu karibu miaka 1,900 kwa sababu yalizama kwenye maji yasiyo na hewa. Mhandisi mwenye nia njema akileta pampu na kukausha chumba bila mpango, mbao hiyo hujikunja na kupasuka. Inabidi ibaki na maji mpaka maabara iwe tayari kuipokea.

Kambi ya wiki mbili wakati wa kiangazi haiwezi kufundisha haya. Programu ya kujitolea ya Adoptă o Casă, yaani "Ilee Nyumba", iliyoanza mwaka 2012, imeokoa nyumba na imeonyesha kwamba vijana wako tayari kutoka jasho. Kinachohitajika juu yake ni mwaka mzima wenye posho, ili asiyetoka kwenye familia yenye uwezo naye aweze kukaa. Seremala na mwashi wa bonde lile walipwe kama walimu, wasiwekwe pembeni kama wasaidizi wa mhadhiri. Saa za kazi ziandikwe kwenye daftari lenye sahihi, kwa kuwa sheria ya Romania ya majengo ya kihistoria, namba 422 ya mwaka 2001, inataka kazi hizo zifanywe na wenye idhini, na bila ushahidi wa kazi kijana huyu anarudi kuchora maduka ya mjini Cluj.

Mtihani uwe Aprili, theluji ikiyeyuka. Kila kundi lirudi kwenye nyumba lililoitengeneza Julai, lipande darini na tochi kutafuta madoa mapya, ligonge lipu kwa kidole kusikia palipo na uwazi, lichome kipima unyevu kwenye boriti ileile mahali palepale, na liandike namba mpya kando ya ile ya zamani.