Nimesafiri, Nipo Sebuleni

Niseme mapema ili mwenye haraka zake aende: dunia hii hakuna anayedharauliwa kumzidi msafiri asiyetoka nyumbani.

Mwenzako akibeba begi akapanda basi, anageuka mtukufu. Bomba likivuja, "baba kasafiri." Akija mtu wa kukopa, "baba kasafiri." Mtoto akivunja kikombe, kesi inasubiri arudi. Hakuna anayempigia simu kumuuliza rimoti iko wapi. Mimi sasa, niliyefunga mkanda kwenye kochi, viatu mguuni, ndiyo kwanza naanza kupanda milima ya Norway, naambiwa ninyanyue miguu watu wadeki.

Kusafiri kwenyewe kunataka nauli, likizo na ruhusa. Nauli sina, likizo nilinyimwa, na ruhusa tusiizungumzie, kuna watu wanasoma. Nikaona isiwe tabu. Nitachukua utamu wa safari peke yake, makaratasi na foleni wabaki nayo wenyewe.

Nikaanza na treni. Mwaka 2009 televisheni ya umma ya Norway, NRK, ilirusha safari nzima ya treni kutoka Bergen hadi Oslo, dakika kwa dakika, zaidi ya saa saba. Hakuna jambazi, hakuna mapenzi, hakuna anayefukuzwa juu ya mabehewa. Ni reli, theluji, handaki, reli. Na watu waliangalia! Zaidi ya milioni moja, katika nchi ambayo wakati ule haikuwa na watu hata milioni tano. Miaka miwili baadaye wakaweka kamera kwenye meli, kutoka Bergen mpaka Kirkenes huko juu kabisa, saa 134. Nikasema hawa ndio ndugu zangu, tulipotezana tu.

Nikavuta kochi mbele ya televisheni, nikafungua dirisha upepo uingie, nikaweka begi miguuni. Begi halina kitu, ila usiponiona na begi hutaniamini, na mimi pia sijiamini. Treni ikaondoka. Mambo yakawa mazuri mno. Vituo vinapita, miti inapita, mtu mmoja kasimama kwenye theluji na hana habari kuwa namwangalia. Njia ile ina mahandaki 182, na kwenye handaki kioo kinakuwa cheusi, unajiona mwenyewe umekaa. Ndipo katika giza la handaki nikaona nyuma yangu kuna kichwa kingine kinatafuna.

Shemeji.

Shemeji wangu huyu alikuja kutusalimia, akawa hajamaliza salamu mpaka leo. "Tunakwenda wapi?" akauliza. Tunakwenda! Nikamwambia Oslo. Akasema Oslo hajawahi kufika, akakaa. Akakaa wapi? Upande wa dirisha. Nyumba nzima ina televisheni moja, kwa hiyo dirisha ni moja, na yeye kalishika. Kila baada ya dakika chache anauliza kama tumekaribia. Tulipokaribia kituo cha Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, theluji mpaka kwenye paa, mahali ambapo msafiri hutakiwa kunyamaza na kuwaza maisha yake, shemeji akauliza hawa watu wanaanika wapi nguo.

Hata hivyo abiria msumbufu ni sehemu ya safari, hilo nililikubali. Tatizo ni mapokezi niliyopata kwa wenye nyumba. Mtoto mdogo alikuja kuniambia daftari limejaa. Nikamwambia, mwanangu, baba yupo Norway. Akaniangalia kwa huruma, akaenda kumwambia mama yake kwamba baba anaumwa tena. Hilo neno "tena" sijalielewa mpaka sasa.

Jirani naye akabisha hodi, anataka ngazi. Nikasikia mtoto mkubwa anamjibu vizuri kabisa, "Baba amesafiri." Nikafarijika, nikasema huyu nimezaa. Jirani akauliza, "Amekwenda wapi?" "Amefika kwenye handaki." "Anarudi lini?" Mtoto akageuka akaniita kwa sauti, "Baba! Unarudi lini?"

Nikatoa ngazi.

Nikahamia ndege, nikiamini kwamba treni ni wazi mno, kila mtu anaingia. Mtandaoni kuna sauti za ndani ya ndege, saa nane, saa kumi za mngurumo mtupu. Watu huzitumia kulalia. Ukiziba masikio kwa hedifoni ukafumba macho, kweli unaruka. Kilichonishinda ni chakula. Ndani ya ndege, hata ikiwa mita elfu kumi juu, hewa hupunguzwa mgandamizo ikawa kama ya mlimani, mita elfu mbili hivi, tena ni kavu kupindukia, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20. Pua inakauka, ulimi hauisikii vizuri chumvi wala sukari. Ndiyo sababu chakula cha ndegeni unakila na huna uhakika kama umeanza. Cha nyumbani kwangu kina ladha, na ladha inavunja safari. Unakuwa umefika juu ya bahari, unalamba kijiko, unarudi jikoni kwa mkeo mara moja. Basi nikamwomba mama watoto, kwa adabu zote, siku za safari apunguze ladha kidogo na anipakulie kwenye trei yenye vigawanyo. Alichojibu sitakisimulia. Nitasema tu kwamba chakula cha usiku ule kilikuwa cha ndegeni kabisa.

Nikajaribu pia kutembea kwa miguu, kwa maana ya kidole. Google wana picha za mitaani, Street View, walizianza Marekani mwaka 2007 na sasa zimeenea nchi nyingi. Unabonyeza mshale, unasogea. Niliingia mtaa mmoja wa Tokyo jua linawaka. Nikabonyeza mara moja tu, mawingu. Nikabonyeza tena, lami imelowa na gari lililokuwa limeegeshwa pale halipo. Picha zenyewe zimepigwa siku tofauti, kisha zikaunganishwa, kwa hiyo kwa hatua tatu unapita misimu miwili na hujui uvae nini. Halafu watu wote hawana nyuso. Kompyuta inazififisha kwa ajili ya faragha yao, na ina bidii hiyo kupita kiasi: huko Cambridge, Uingereza, iliwahi kumfifisha ng'ombe. Ng'ombe anakula majani yake kando ya mto, dunia nzima inamstahi, faragha yake imelindwa. Mimi nipo bafuni mtu anasukuma mlango aniulize chaja.

Habari ya miwani ya uhalisia pepe, ile unayoivaa macho yakadhani upo mahali pengine, nitaipitia haraka maana bado tumbo linakumbuka. Niliazimwa na kijana mmoja. Nilipanda mashua, mashua ikayumba. Macho yakauambia ubongo tunakwenda; sikio la ndani, ambalo lina vifereji vyenye majimaji vya kupimia mwendo, likapinga, "Uongo, huyu hajatoka kitini." Hao wawili wakigombana, anayelipa ni tumbo. Wagonjwa wa bahari husamehewa, wapo baharini. Mimi nilideki mwenyewe, tena safari hii hakuna aliyeniambia ninyanyue miguu.

Nikapanda juu zaidi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kilomita 400 hivi juu yetu, na picha zake hurushwa moja kwa moja. Walioko kule huona macheo kama 16 kwa siku. Mimi sikuona hata moja. Kila nikifungua ama ni usiku, kioo cheusi, ama ni mawingu. Mawingu hufunika kama theluthi mbili za dunia wakati wowote ule, jambo ambalo hakuna kalenda ya ukutani iliyowahi kunionyesha. Shemeji akakaa nusu saa akiangalia weusi, akasema hapa pazuri, pametulia.

Nilijitetea kisayansi. Nilimwambia mama watoto kwamba kukaa si kukaa: dunia inalizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kila sekunde, kwa hiyo toka nilipoketi asubuhi nimeshakwenda mbali kuliko dereva yeyote wa masafa marefu. Akasema kwa hesabu hiyo hata ndoo ya takataka imesafiri, lakini harufu imebaki pale pale, niitoe.

Nimewachunguza waliowahi kuliweza jambo hili, na nimegundua hila yao. Immanuel Kant, yule mwanafalsafa, alifundisha jiografia ya dunia kwa miaka kama arobaini katika mji wa Königsberg, na maisha yake yote hakwenda mbali na hapo. Milima, mito, bahari, watu wa mabara ambayo hakuyakanyaga, vyote alivifundisha. Watu wanasema ni akili. Mimi nasema hakuoa. Ukiwa peke yako nyumba nzima unafika China kabla ya chakula cha mchana. Yupo na Xavier de Maistre, afisa wa jeshi, ambaye mwaka 1790 huko Turin alipigana pambano la kulinda heshima, akaadhibiwa kufungiwa chumbani siku 42. Akaandika kitabu kizima jinsi alivyokizunguka chumba: kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda kwenye picha ukutani. Wasomaji wanamhurumia. Mimi nilisoma kwa wivu. Siku 42, mlango umefungwa kwa amri ya serikali! Tena alikuwa na mtumishi wa kumletea kahawa, na mbwa. Nani angethubutu kumwita akamate kuku? Angejibu, samahani, nimefungwa.

Hapo ndipo nilipoujua utamu wa safari unakaa wapi. Si kwenye mlima. Mlima unauangalia dakika mbili, ya tatu unatafuta kivuli. Utamu ni kutofikika. Na kwamba watu wanauonea kiu kweli kweli, angalia mwaka 2020 dunia ilipofungwa kwa korona. Taipei, uwanja wa ndege wa Songshan uliwaalika watu waje wapange foleni, wakaguliwe, wapande ndege, halafu ndege isiende popote. Walioomba nafasi walikuwa wengi mpaka ikabidi wachaguliwe kwa bahati nasibu. Australia nako Qantas wakaandaa ndege iondoke Sydney, izunguke angani saa saba hivi, itue Sydney. Tiketi ziliisha ndani ya dakika kumi. Kuna watu walilipa pesa zao wakae kwenye kiti kinachobana magoti, warudishwe walipotoka, na nina hakika wapo waliozima simu kwa furaha kabla hata ya kuambiwa. Wale hakuna aliyewadekia miguuni.

Nikaitisha kikao cha familia. Nikasema kuanzia sasa nikivaa kofia, mimi sipo. Nikiwa sipo, nisiulizwe. Mama watoto akauliza kama sheria hiyo ni ya mtu mmoja au ya wote. Nikajibu kwa ukarimu wa mwenye nyumba kwamba ni ya wote, nikijua wazi kwamba mama watoto hana muda wa mambo ya kipuuzi.

Juzi jioni nikarudi nikakuta kochi limekaliwa. Mama watoto yupo na kofia yangu, hedifoni masikioni, shuka miguuni, na begi langu limejaa, sijui kaweka nini. Shemeji amehamishiwa kwenye kigoda bila kulalamika. Watoto wanatembea kwa ncha za vidole, wale wale, nyumba ile ile. Nikafungua mdomo niulize kuna nini cha kula, wakanifanyia "shhh" kwa pamoja.

"Mama yupo baharini," akaninong'oneza mdogo.

Nikasubiri kioo kitulie, nikamgusa bega, nikamuuliza anarudi lini. Akainua hedifoni moja, macho kwenye maji.

"Tukifika Kirkenes."

Kachagua ile meli. Saa 134, nimezigawa kwa kalamu: siku tano na nusu na zaidi kidogo, tena inasimama bandari kwa bandari. Shemeji kashanijia mara mbili jikoni kuniuliza kama najua chumvi inakaa wapi.