Miezi 12 ya kuishtaki serikali ni michache mno

Masika yakishika Mombasa, mitaro iliyoziba huko Kisauni na Likoni hurudisha maji majumbani, na wenye nyumba huanza kuhesabu hasara: magodoro, friji, ukuta uliolowa mpaka plasta ikabanduka. Wachache huhesabu siku. Sheria ya Kenya kuhusu ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, humpa aliyeharibiwa mali kwa uzembe wa mwenzake miaka 3 ya kwenda kortini. Aliyevunjiwa mkataba, kwa mfano na mjenzi, ana miaka 6. Lakini mdaiwa akiwa serikali, Sura ya 39, sheria ya ukomo kwa mashtaka dhidi ya mamlaka za umma, huishusha ile miaka 3 ya uzembe hadi miezi 12.

Wanaoutetea ukomo wana hoja ya kweli. Mashahidi huhama, kuta hupakwa rangi upya, picha hupotea pamoja na simu. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya mwaka 1982 iliyoihusu Kenya Co-operative Creameries, ilieleza kwamba sheria hii humkinga mdaiwa dhidi ya mdai anayechelewa pasipo sababu. Nakubali. Jirani akikuangushia ukuta Bamburi leo, miaka 3 yatosha kutafuta fundi wa kukadiria hasara, kusikizana mbele ya wazee wa mtaa, na mkishindwana, kufungua kesi. Tena siku hizi dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yaitaka iamue ndani ya siku 60.

Shida ni uharibifu usioonekana. Mtu anachimba msingi wa ghorofa kando ya nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe, Mji wa Kale. Ufa unaanzia chini ya sakafu, na mwenye nyumba anakuja kuuona mwaka wa nne, mlango unapogoma kufunga. Iwapo mjenzi aliuficha kwa hila, kifungu cha 26 cha Sura ya 22 chamsaidia mwenye nyumba: muda waanza pale hila ilipogunduliwa, au ilipopaswa kugunduliwa. Iwapo hakuna aliyeficha, hana pa kushika. Kifungu cha 27 huruhusu korti kumwongezea muda mtu ambaye hakujua, lakini ni kwa majeraha ya mwili tu, si kwa nyumba. Uingereza, tulikorithi mfumo huu, ilikumbana na tatizo hilohilo, na mwaka 1986 ikapitisha sheria inayompa mdai wa namna hiyo miaka 3 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, ilimradi isipite miaka 15 tangu uzembe wenyewe. Mpango huo wamlinda mjenzi asidaiwe maisha yake yote, na mwenye nyumba asipoteze haki kabla ya kujua anayo. Sioni kwa nini Bunge letu lisiuige.

Kuhusu serikali, sikubaliani kabisa na miezi 12. Watetezi wake husema fedha za umma hupangwa kwa bajeti ya mwaka, na maafisa huhamishwa kila mara. Lakini ni nani mwenye masjala, mafaili na mawakili wa kuajiriwa? Ni serikali hiyohiyo. Mwananchi hupoteza miezi akitoka kwa chifu kwenda ofisi ya wadi, akiambiwa arudi wiki ijayo, na mazungumzo hayo hayasimamishi muda. Aliye na nyumba bila ardhi, nao ni wengi Mombasa, husita zaidi kwa kuwa hana hati ya kiwanja, ilhali vyombo vilivyoharibiwa ni vyake, awe na hati au asiwe nayo.

Wapo mawakili wanaoukwepa ukomo huu kwa njia ya Katiba ya 2010, kifungu cha 40 kinacholinda mali, kwa kuwa ombi la haki za kikatiba halikuwekewa ukomo. Njia hiyo ina hatari zake: majaji huuliza sababu ya kuchelewa, na dai la kawaida la uzembe lililovishwa joho la Katiba laweza kutupwa.

Kwa hivyo, hadi sheria ibadilishwe, aliyefurikiwa kwa sababu ya mtaro wa umma apige picha siku hiyohiyo, atunze risiti, aandike barua ya madai na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kesi ifunguliwe kabla ya miezi 12 kwisha, hata kama mazungumzo yanaendelea vizuri. Wakipatana baadaye, makubaliano yataandikishwa kortini na kesi itafungwa.