Acheni kuiosha kabichi chachu kabla ya kuipika na soseji

Nimekutana tena na mapishi ya soseji na kabichi chachu, ile sauerkraut ya Wajerumani, ya kupika kwenye frampeni moja, na hatua ya kwanza kabisa imeandikwa hivi: mwaga kabichi kwenye chujio, ioshe vizuri kwa maji ya bomba, ikamue mpaka ikauke. Sawa. Halafu ukishuka chini, karibu na mwisho, mpishi huyohuyo anakwambia ongeza vijiko viwili vya siki na chumvi ili chakula kipate ladha. Jamani! Ladha si ndiyo hiyo umeimwaga kwenye sinki?

Hili jambo linaniuma kweli, maana sio mapishi hayo tu, ni mengi mno, na mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza atafuata kama alivyoambiwa, atapata sahani ya majani yaliyopooza yenye ukali wa siki juu yake, kisha atasema hiki chakula hakipendi. Hajakila bado!

Hebu tuelewane hayo maji ya kabichi unayoyamwaga ni nini. Kabichi inakatwa nyembambaaa, inatiwa chumvi kama gramu 20 kwa kila kilo, au zaidi kidogo, inaminywaminywa kwa mikono na kushindiliwa kwenye chombo. Hakuna anayeongeza maji, au akiongeza ni kidogo sana. Chumvi yenyewe ndiyo inayoyavuta maji kutoka ndani ya kabichi mpaka inajizamisha. Baada ya hapo bakteria ambao tayari wapo kwenye majani wanaanza kazi: wanatangulia wale wanaoitwa Leuconostoc, ndio wanaotoa mapovu siku za mwanzo, na ukali ukishawazidi wanapokelewa na wengine wanaostahimili asidi zaidi, na kazi inaendelea kwa wiki kadhaa kwenye sehemu yenye ubaridi kiasi. Kwa hiyo kilichomo humo ni juisi ya kabichi yenyewe pamoja na asidi ya laktiki waliyoitengeneza wale bakteria na harufu zote zilizojijenga taratibu. Wiki za kazi ya watu na vijidudu, halafu mtu anafungulia bomba kwa sekunde 30!

Na siki haiwezi kuziba hilo pengo hata umwage chupa nzima. Asidi ya siki inaruka na mvuke, ndiyo maana ukiimwaga kwenye kikaango cha moto inakuchoma puani na unakohoa. Asidi ya laktiki haipandi hivyo, inabaki kwenye chakula, ukali wake ni wa mviringo na hauigombanishi soseji. Tena vitamini C inayeyuka kwenye maji, ukiosha unaiondoa nayo, na hiyo ndiyo iliyoipa kabichi hii heshima baharini: Kapteni James Cook alipoondoka Uingereza na meli ya Endeavour mwaka 1768 alibeba shehena yake kubwa kwa ajili ya kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, na mabaharia walipoikataa akaamuru iwekwe kila siku kwenye meza ya maofisa, wenyewe wakaanza kuitaka. Simulizi hii naipenda sana.

Haya, nakubali kitu kimoja. Najua wapishi wa Alsace kule Ufaransa huwa wanaiosha kabichi yao kabla ya kupika choucroute garnie, yaani kabichi chachu na nyama zake, na hao huwezi kuwaambia hawajui wanachofanya. Lakini wao wanaipika muda mrefu, na divai nyeupe kama Riesling, na mafuta ya bata bukini, na nyama za kukaushwa kwa moshi za kila aina, yaani wanachoondoa wanakirudisha mara tano. Wewe una frampeni moja na soseji nne. Na kuna kabichi nyingine za chupa kweli zina chumvi kupita kiasi, hiyo nayo sawa, ila onja kwanza! Chukua kidogo kwa uma, tafuna, amua. Ikikushinda, chuja maji yake uyaweke pembeni kwenye bakuli, suuza mara moja haraka, kisha uyarudishe kidogokidogo wakati wa kupika mpaka ufike unapotaka. Kuosha bila kuonja ndiko nisikokubali.

Sasa angalia maji hayo yanafanya nini kwenye kikaango. Soseji zinatangulia, moto wa kati, mpaka zishike rangi pande zote. Zile za kukaushwa kwa moshi mara nyingi zinakuwa zimeshaiva, unatafuta rangi na mafuta tu, lakini mbichi kama bratwurst hakikisha ndani imefika nyuzi 71 za Selsiasi, na usizitoboe kwa uma zikamwaga utamu wote. Zitoe. Kwenye mafuta hayohayo weka kitunguu, na kitunguu kilainike KABLA kabichi haijaingia, kwa sababu mboga ikishakutana na asidi inakaza, hailainiki tena vizuri. Ndio maana viazi pia navichemsha pembeni kwanza. Wale wanaosema katakata viazi vibichi uvitupe humo pamoja na kabichi, watasubiri saa nzima na bado vitakuwa vigumu katikati.

Halafu kabichi, na maji yake. Chini ya kikaango kutakuwa na ule ugandoganda wa kahawia ulioachwa na soseji, umeshika kabisa, ukiusugua kwa mwiko hautoki. Yakigusa tu yale maji unasikia shaaa, na ndani ya muda mfupi mwiko unapita chini laini, kahawia yote imepanda juu na kuingia kwenye kabichi, harufu inabadilika palepale kutoka ukali mtupu hadi kitu chenye nyama ndani yake. Hapo ndipo chakula kinapozaliwa, na aliyekamua kabichi yake ikakauka hana cha kumwaga hapo isipokuwa maji ya bomba.

Tia tofaa moja lililokatwakatwa na mbegu za kisibiti kijiko kidogo, funika, moto mdogo nusu saa au zaidi. Soseji na viazi virudi dakika 10 za mwisho, fungua mfuniko, ongeza moto, acha kingo za kabichi zishike rangi. Chumvi usiguse mpaka uonje mwisho, soseji inayo na kabichi inayo. Kikaango cha chuma kitupu mimi sikitumii hapa, asidi ikikaa nacho muda wote huo chakula kinapata ladha ya chuma. Haradali pembeni, basi.

Kuna wanaosema kuipika ni kuharibu kwa sababu bakteria wazuri wanakufa. Ni kweli wanakufa, sibishi, ila ile iliyopashwa moto kiwandani kabla ya kufungwa walishakufa zamani. Kama yako bado hai, weka konzi moja pembeni uimwage ikiwa mbichi juu ya sahani wakati wa kula, unapata vyote viwili, tena ule ubaridi wake wa kukatika kwenye meno unakaa vizuri sana na ile laini ya chini.

Na kama hujamaliza chupa, usiyamwage maji yaliyobaki. Ishindilie kabichi chini mpaka izame kabisa, funga, rudisha kwenye friji. Ikiwa imezama inakaa muda mrefu bila kuharibika, na yale maji utayahitaji tena ukipika.