Mficha Uchi Hazai, Lakini Stara Je? Walokole na Swali la Kutembea Nuruni

Katika ushirika wa Walokole wa zamani, ule wa kukutana katikati ya juma sebuleni kwa mtu au chini ya mwembe, kuna maneno ambayo mgeni huyasikia na asiyaelewe: "Nataka kutembea nuruni na ndugu." Anayeyasema hatangazi safari. Yuko karibu kueleza kwamba juzi alimdanganya mkewe kuhusu mshahara, au kwamba ana kinyongo na mwenzake aliyeketi benchi la mbele. Akimaliza wataimba wimbo wao wa sifa, Tukutendereza, mara nyingi kwa Kiganda hata kama hakuna Mganda hata mmoja pale, kisha atasimama mwingine.

Desturi hii inajulikana ilikotoka. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye bidii ya kuhubiri, alikutana Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na Ukristo wa jina na cheti cha ubatizo. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Katika miaka ya 1930 moto wa kiroho, ulioitwa Uamsho, ukawaka Gahini, ukashuka Kigezi na Buganda nchini Uganda, ukaingia Bukoba upande wa Tanganyika, na kufikia 1937 wahubiri wake walikuwa wamefika Kenya. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Kiswahili kikawapokea kama Walokole, na hadi leo neno hilo laweza kuwa sifa au kejeli, kutegemea limetoka kinywani mwa nani.

Andiko lao kuu lilikuwa Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, mstari wa saba: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Wakristo wengi huusoma mstari huu wakidhani kuenenda nuruni ni kuishi bila doa. Ndugu wa Uamsho waliona jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Kama nuru ni kutokuwa na doa, damu ya kusafisha ingekuwa na kazi gani kwa mtu aliyemo nuruni? Kwa hiyo, walisema, aliye nuruni bado ana dhambi, ila haifichi. Giza basi ni lile pazia tunaloliweka mbele ya dhambi, zaidi ya dhambi yenyewe. Mimi nakubali kwamba walilisoma andiko vizuri kuliko wengi waliowacheka.

Tena usomaji huo ulizaa matunda ya kushikika. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa na wadai wenyewe. Wamisionari wa Kizungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao na dharau yao. Tukumbuke ni zama gani hizo. Kwa miongo kadhaa Ulaya ilikuwa imezoea kuiita Afrika bara la giza, na misheni zikajitambulisha kama wachukuzi wa taa. Halafu ghafla giza likaonekana ndani ya nyumba ya misheni yenyewe, na aliyelionyesha ni mwenye nyumba. Sijui mahubiri gani yangeweza kufanya kazi hiyo. Na lugha yetu ilikuwa upande wao: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Ila lugha hiyo hiyo ina neno stara. Tunamwombea mtu Mungu amsitiri. Mtu wa stara ni mtu wa kuheshimika, na kumvua mwenzako nguo mbele za watu ni uovu hata kama unachokionyesha ni kweli. Hapa ndipo wapinzani wa Walokole walipopata hoja, na si hoja ya kupuuzwa.

Ugumu wa kwanza ni kwamba dhambi nyingi hazina mtu mmoja. Mzinzi hazini peke yake, na mpokea rushwa ana mtoaji. Mwanamume anaposimama na kuungama uzinzi wake mbele ya watu hamsini, amejisafisha yeye, lakini kuna mwanamke nyumba ya tatu ambaye amevuliwa nguo bila kuulizwa. Katika miaka ya mwanzo ya Uamsho ungamo la namna hii liliwasha ugomvi katika ndoa na koo, na machifu, waume na hata maofisa wa serikali wakalalamika kwamba mambo ya ndani ya familia yanatangazwa barabarani. Ni rahisi kusema walalamikaji walikuwa wakilinda dhambi zao. Baadhi yao bila shaka. Lakini Paulo mwenyewe, akiwaandikia Waefeso wasishirikiane na matendo ya giza bali wayakemee, anaongeza pale pale kwamba yanayotendwa kwa siri ni aibu hata kuyanena. Yesu naye anaanza na faragha: ndugu yako akikukosea, ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Na asaliye ataingia chumba cha ndani na kufunga mlango.

Kanisa Katoliki lilikuwa limekwisha kupita njia hii. Katika karne za kwanza toba ya dhambi nzito ilifanyika mbele ya kusanyiko. Baadaye maungamo yakahamia sikioni mwa padre, na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Laterani wa 1215, ulioagiza kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, uliweka pia adhabu kali kwa padre atakayetoa siri ya maungamo. Mlokole angesema utaratibu huo humwezesha mtu kuungama wizi kila Pasaka na asimkabili kamwe aliyemwibia. Mkatoliki angejibu kwamba huo wa sebuleni umeondoa padre mmoja aliyefungwa mdomo, ukaweka makuhani hamsini wasiofungwa na chochote. Mimi naona kila mmoja amemgusa mwenzake kwenye kidonda.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba nuru si salama kwa kila mtu kwa kiasi kile kile. Kenya ya miaka ya 1950 inalionyesha. Wakati wa Mau Mau kiapo kilifanyika kwa siri, mara nyingi usiku, na ndugu wa Uamsho walikikataa. Kwao damu ya Yesu haikuweza kuchanganywa na damu nyingine, na mtu anayetembea nuruni hafungwi na siri ya gizani. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Wengi pia walikataa kubeba bunduki za serikali dhidi ya ndugu zao, kwa hiyo wakabaki katikati bila mlinzi, na sioni namna ya kuwaheshimu nusu nusu. Lakini aliyekula kiapo naye alikuwa na lake la kusema. Mtu asiye na kura, asiye na hati ya ardhi, anayebeba shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, atapambana na dola mchana kweupe kwa silaha gani? Siri ilikuwa nyumba pekee aliyobakiziwa.

Biblia yenyewe haiogopi usiku kama tunavyoogopa sisi. Musa anapopanda kumkaribia Mungu, kitabu cha Kutoka kinasema alilikaribia lile giza kuu Mungu alipokuwapo. Nikodemo alimwendea Yesu usiku, na Bwana hakumwambia arudi mchana. Walizungumza hapo hapo, na katika mazungumzo yale ndimo yalimo maneno makali kuhusu watu waliopenda giza kuliko nuru. Mtu huyo huyo wa usiku ndiye anayetokea mwishoni mwa Injili ya Yohana akiwa na manemane na udi, wakati wanafunzi wa mchana wametawanyika. Wahubiri wetu wamemfanya Nikodemo mfano wa mwoga. Yohana, naona, alikuwa anasema kitu kingine: kuna watu ambao njia yao ya kwenda nuruni hupitia gizani, na huchukua muda.

Hatari ya tatu waliiona Walokole wenyewe. Ungamo likishakuwa kipimo cha wokovu, litageuka mashindano. Asiye na jipya la kuungama wiki hii anashukiwa kuwa anaficha, au anatafuta la kusema asije akaonekana amepoa. Tangu miaka ya 1960 mgawanyiko ulijitokeza Uganda na Kenya kati ya ndugu wa kawaida na wale waliojiita Waliozukuka (walioamka) au Waliofufuka, ambao walidai mwamko umelala na wakaweka masharti makali zaidi ya nani yumo nuruni kweli. Kabla ya hapo, 1957, kundi lililotokana na Uamsho huo lilikuwa limejitenga na Waanglikana huko Nyanza, likijulikana kwa Kijaluo kama Johera, watu wa upendo. Naona waliochagua jina hilo walisoma mbele kidogo. Sura moja tu baada ya andiko kuu la Walokole, Yohana anasema asemaye kwamba yumo nuruni, naye amchukia ndugu yake, yumo gizani hata sasa. Kipimo cha nuru hapo ni namna unavyomtazama aliyeketi karibu nawe. Wingi wa uliyoyasema haumo katika hesabu.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Karibu na Walokole, lakini si ndani kabisa. Naamini walikuwa sahihi kwamba dhambi iliyofichwa huoza, na kwamba toba isiyorudisha ng'ombe wa watu ni maneno. Nadhani walikosea walipoacha ukubwa wa kusanyiko uamue ukubwa wa ungamo. Aliyeiba fedha za kanisa zima aseme mbele ya kanisa zima. Aliyemkosea mkewe ana kusanyiko la mtu mmoja. Na mtu ana haki ya kuleta nuruni kilicho chake. Cha mwenzake, hata kama wamekishika pamoja, kina mwenyewe wa pili.

Suala hili limekuwa gumu zaidi siku hizi, kwa sababu sebule haina tena kuta. Makanisa mengi mapya ya mijini, ambayo hayana uhusiano wa moja kwa moja na Gahini, yamerithi ushuhuda wa kutoka gizani na kuuweka mbele ya kamera. Msichana wa miaka ishirini anaeleza maisha yake ya zamani, na kabla hajafika kituo cha daladala video imeshazunguka kwa shangazi zake. Walokole wa 1935 walikuwa na kinga moja ambayo hatuitambui mpaka tuikose: aliyesikiliza alikuwa naye ameungama, au ataungama Alhamisi ijayo. Mtazamaji wa simu hajaungama chochote. Andiko linasema tunashirikiana sisi kwa sisi, na huyo hashiriki. Anatazama tu.

Niliwahi kuhudhuria ushirika mmoja unaoongozwa na mzee wa makamo ya baba yangu, Mlokole wa kale. Kijana alisimama akaanza: "Ndugu, nataka kuleta nuruni jambo kati yangu na dada mmoja wa kwaya..." Mzee akainua mkono. "Huyo dada yupo hapa?" Hayupo. "Anajua kwamba unasema leo?" Kijana akanyamaza. "Keti, mwanangu. Tutazungumza wewe na mimi baada ya chai." Kijana aliketi akiwa amenuna, na nilipoondoka bado walikuwa uani, vikombe vimepoa, mzee akisikiliza.